Kisa cha Carl Schurz: mkimbizi aliyekataa kuwa mtu wa chama, na nani aliyelipia

Hapa Dar ukisema mwanasiasa fulani ana msimamo wake, hazipiti dakika mbili mtu ameshakuuliza katoka chama gani na anaelekea kipi. Na huwezi kumlaumu, tumeshaona watu asubuhi wanaita waandishi wa habari wanatangaza wameamua "kuunga mkono juhudi", jioni wako jukwaani na shati jipya, baada ya miezi kadhaa mkeka unatoka na jina limo. Kwa hiyo kuhama kumechafuka kabisa, mtu akihama tunajua kuna bahasha au kuna cheo.

Sasa nataka tuchambue kisa cha jamaa ambaye kwa hesabu za kijiweni ni mhamaji wa kutupwa. Kwenye uchaguzi wa urais wa Marekani kaanza upande mmoja, kahamia wa pili, karudi, katoka tena, na alipofika uzeeni akampigia debe mgombea ambaye miaka minne kabla alizunguka nchi akimpinga. Halafu hata hakuzaliwa huko, alifika akiwa mkimbizi, Kiingereza hajui. Jina lake Carl Schurz, na pamoja na hayo yote wapo wengi wanaomweka kwenye orodha fupi ya wanasiasa wasafi wa Marekani wa karne ya 19. Mimi nakubali alikuwa msafi kwa maana ya pesa, lakini nina swali lingine ambalo nitalifikia taratibu, maana bila kujua alikotoka hutaelewa kwa nini alijiona ana haki ya kugombana na kila mtu.

Kazaliwa tarehe 2 Machi 1829 Liblar, kijiji karibu na Köln, Ujerumani, baba mwalimu wa shule. Kaenda chuo Bonn, pale akakutana na profesa mmoja anaitwa Gottfried Kinkel, wakaingia kwenye harakati pamoja maana 1848 Ulaya ilikuwa inawaka, watu wanadai katiba na bunge la kweli. Mwaka uliofuata mapinduzi yakafeli. Schurz alikuwa ndani ya ngome ya Rastatt na waasi wenzake, jeshi la Prussia, dola kubwa ya Wajerumani wakati ule, limezunguka nje, na yeye kwa kuwa ni mtu wa Prussia alijua akikamatwa ni risasi tu. Siku ngome inasalimu amri, Julai 1849, wakapenya yeye na wenzake wawili kwenye mtaro wa maji machafu unaopita chini ya mji, mara ya kwanza ikashindikana, wakajificha darini siku kadhaa bila chakula cha maana huku askari wako chini yao, halafu wakarudi tena mtaroni wakatokea nje, wakavuka mto Rhine mpaka Ufaransa. Hapo ana miaka 20.

Kinkel hakubahatika, alihukumiwa maisha, profesa wa watu akawekwa gerezani kusokota sufu. Na hapa ndo utaona aina ya mtu tunayemzungumzia, maana Schurz alikuwa ameshafika salama Uswisi, angeweza kutulia zake, yeye akarudi Ujerumani na pasipoti ya binamu yake kwenda kumtoa mwalimu wake kwenye gereza la Spandau karibu na Berlin. Pesa zilichangwa na watu waliomhurumia Kinkel, askari magereza mmoja akakubali kusaidia. Usiku wa kwanza dili likafeli kwa sababu ya kijinga kabisa, ufunguo uliohitajika haukuwa mahali pake. Usiku uliofuata, Novemba 1850, wakabadilisha mpango, mfungwa akashushwa kwa kamba kutoka juu darini huku gari la farasi likipita barabarani kwa makelele ili vigae vikidondoka visisikike. Na maofisa wa gereza walikuwa wapi? Walikuwa kwenye hoteli ya jirani wanakunywa pombe kwa furaha, na mwenye hoteli mwenyewe alikuwa ndani ya mpango! Kinkel katoka gerezani akapitishwa hotelini humohumo akapewa kinywaji kutoka bakuli moja na la mabosi wake, kisha wakaondoka mbio mpaka bandari ya Rostock na kutoka hapo kwa meli mpaka Scotland.

Kisa hicho kilimfanya awe staa. Popote penye Wajerumani wa ughaibuni jina lake lilijulikana. Kumbukeni hilo, tutalihitaji.

1852 kaoa London, mke wake Margarethe Meyer kutoka Hamburg, na mwaka huohuo wakaenda Marekani. Lugha alijifunza kwa kusoma gazeti la Philadelphia kila siku mwanzo mpaka mwisho, matangazo na yote, kamusi pembeni. Baadaye wakahamia Watertown, mji mdogo Wisconsin wenye Wajerumani wengi, na huko Margarethe mwaka 1856 akafungua chekechea ya watoto wa Kijerumani ambayo inahesabiwa ya kwanza Marekani (kwa kweli huyu mama anastahili makala yake mwenyewe).

Schurz kaingia kwenye chama kipya cha Republican, chama cha kupinga utumwa usienee. Mwaka 1857, uraia wake ndo kwanza unakamilika, chama kikamsimamisha ugombea wa naibu gavana wa Wisconsin. Akashindwa kwa kura 107, wakati mgombea wa ugavana wa chama hichohicho kashinda. Maana yake rahisi: kuna wana-Republican waliompigia bosi wake kura halafu walipofika kwa yule Mjerumani wakaruka.

Angeweza kununa. Badala yake akaona kitu ambacho viongozi wengi wa wahamiaji hawakioni mapema: kura za Wajerumani zilikuwa nyingi, na hazikuwa na mwenyewe. Mwaka 1859 jimbo la Massachusetts lilikuwa linapitisha kipengele cha kumtaka mhamiaji asubiri miaka 2 zaidi baada ya kupata uraia ndo apige kura, na waliokuwa wanalisukuma wengine ni watu wa chama chake. Schurz kapanda jukwaani Boston, ukumbi wa Faneuil, akawaambia huwezi kupinga utumwa Kusini huku unabagua wahamiaji Kaskazini. Kipengele kikapita hata hivyo. Lakini mwaka uliofuata, kwenye mkutano mkuu wa Chicago uliompitisha Abraham Lincoln kugombea urais, alishiriki kuingiza kwenye ilani ya chama sentensi inayokataa kupunguza haki za wahamiaji walioandikishwa uraia, halafu akazunguka nchi nzima kumpigia debe Lincoln kwa lugha mbili. Malipo yake ubalozi wa Hispania, tena wapo waliolalamika kwamba unampelekaje mwanamapinduzi anayetafutwa Ulaya kwenda kwa malkia. Hakukaa sana, karudi kupigana vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, Kaskazini dhidi ya majimbo ya Kusini yenye watumwa, akawa jenerali wa Kaskazini. Vita yake sitaieleza kwa kirefu, ila pale Chancellorsville, Mei 1863, kikosi chenye Wajerumani wengi kilishambuliwa kwa ubavuni kikasambaratika, na magazeti yakawatupia Wajerumani lawama zote kwamba ni waoga wakati Schurz alikuwa ameshamwonya mkuu wake kuhusu ubavu huohuo kabla.

Sasa twende 1865, maana hapa ndo kipimo cha kisa kizima kilipo. Vita imeisha, Lincoln kauawa, Rais Andrew Johnson anamtuma Schurz Kusini akaangalie hali. Kazunguka kiangazi chote, South Carolina, Georgia, Alabama, Mississippi, Louisiana. Alichokiona kilimtisha. Watumwa walioachiwa huru walikuwa wanauawa barabarani na mashambani, na kwenye hospitali mbalimbali aliwaona kwa macho yake wanaume na wanawake weusi waliokatwa masikio, waliochanwa visu, wenye alama za viboko. Kaandika ripoti ndefu: hawa watu bila kura na bila ulinzi wa serikali kuu watarudishwa utumwani kwa jina lingine. Johnson hakutaka kusikia, alitaka aambiwe mambo shwari. Ikabidi Seneti ndo iidai ripoti itoke hadharani, ikatoka, ikawa silaha ya waliokuwa wanapigania haki ya kura ya watu weusi.

Kwa hiyo asije mtu akasema Schurz hakujua. Alijua kuliko karibu kila mwanasiasa wa Kaskazini, na aliandika mwenyewe.

Miaka minne baadaye yuko St. Louis, Missouri, ana hisa kwenye gazeti la Kijerumani, Westliche Post, ambalo ndo lilimpa kazi kijana mwingine mhamiaji, Joseph Pulitzer, yule ambaye tuzo maarufu ya uandishi ina jina lake. Bunge la Missouri likamchagua useneta, akaapa 1869, seneta wa kwanza Marekani aliyezaliwa Ujerumani. Zingatia, enzi hizo maseneta walichaguliwa na bunge la jimbo, wananchi walianza kuwachagua moja kwa moja baada ya katiba kurekebishwa 1913.

Hapo ndo ugomvi unaanza, na ndo tukio lenyewe ninalotaka tulichambue. Rais sasa ni Ulysses Grant, shujaa wa vita, chama kilekile cha Schurz. Grant anataka kuichukua Santo Domingo, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Dominika, iwe sehemu ya Marekani. Schurz anakataa, Charles Sumner aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje anakataa, na tarehe 30 Juni 1870 mkataba unaanguka Seneti, kura 28 kwa 28 wakati ulihitaji theluthi mbili. Grant hakusahau. Sumner kaondolewa uenyekiti, na kule Missouri watu wa Schurz waliokuwa na kazi za serikali kuu, posta, kodi, wakaanza kuondolewa mmoja mmoja na nafasi kupewa watiifu wa rais. (Kwenye kundi hilo la watiifu wa St. Louis ndo humo ulitoka mtandao wa Whiskey Ring uliokuja kufumuka 1875, wakusanya kodi wanakula na wenye viwanda vya pombe.)

Hapa lazima nisimame kidogo. Hoja za Schurz dhidi ya kuichukua Santo Domingo wengi wanazisifu, anti-ubeberu na nini. Ukizisoma, nusu yake ni nzuri na nusu yake inanuka. Alisema wazi watu wa nchi za joto hawawezi kuwa raia wa jamhuri huru, wataiharibu. Huyuhuyu aliyesimama Boston kutetea mhamiaji. Alikuwa sahihi kukataa na sababu yake moja ilikuwa mbovu, yote mawili yanakaa kwa mtu mmoja, ndo hali ilivyo.

Basi kule Missouri akaongoza mpasuko. 1870 kundi lake likajitenga na chama, likaungana na kura za Democrats, chama pinzani, likamweka B. Gratz Brown ugavana na kuwarudishia haki ya kupiga kura waliokuwa waasi wa Kusini. Kufika 1872 mpasuko umekuwa wa kitaifa, wakajiita Liberal Republicans, agenda yao: kusafisha ajira za serikali ziende kwa sifa na sio kwa uchama, kupunguza ushuru, na kusamehe Kusini na kuondoa mkono wa serikali kuu huko. Mkutano mkuu Cincinnati, Mei 1872, mwenyekiti wake Schurz. Mwenyewe urais hawezi kugombea kwa sababu katiba inataka mzaliwa. Chaguo lake lilikuwa Charles Francis Adams, mtu wa heshima. Ila Gavana Brown, yule aliyemweka yeye, kafika usiku Cincinnati na mipango yake, na kwenye raundi ya sita ya kura akapita Horace Greeley, mhariri wa gazeti New York, mtu mwenye kelele na misimamo ya ajabuajabu ambaye hata hiyo sera ya ushuru alikuwa anaipinga. Yaani wasafi walipigwa bao na fitna za mkutano mkuu kama mkutano mkuu wowote unaoujua wewe. Inasimuliwa kwamba baada ya hapo Schurz, ambaye alikuwa mpiga kinanda hodari, aliingia nyumba ya rafiki, akakaa kwenye kinanda, akapiga muziki wa mazishi wa Chopin bila kusema neno.

Novemba Greeley kapigwa vibaya, majimbo sita tu, na akafariki mwezi huohuo kabla hata ya wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais kupiga kura zao.

Sasa swali la kwanza ambalo mtu wa hapa angeuliza: jamaa kampinga rais wa chama chake, kaongoza chama pinzani kwenye uchaguzi, kwa nini hakupoteza kiti? Jibu ni kwamba sheria ya kule haikuwa na kitu hicho. Kiti kilikuwa chake mpaka 1875, akakikalia mpaka siku ya mwisho. Kwetu mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, ubunge unakwenda, imeandikwa kwenye katiba, na kuingia bungeni kwenyewe lazima udhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala la mgombea binafsi mahakamani akashinda Mahakama Kuu 1994 na tena 2006, Mahakama ya Rufani ikaja kutengua 2010, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha akashinda 2013, na mpaka uchaguzi wa 2025 mgombea binafsi hakuwepo kwenye karatasi. Kwa hiyo tunapowacheka wabunge wetu kwamba hawana msimamo tuwe na haki kidogo, Schurz alikuwa jasiri ndio lakini ujasiri wake ulikuwa na miaka sita ya uhakika nyuma yake.

Na sio kiti tu. Alikuwa na gazeti, alikuwa na mihadhara ya kulipwa, alikuwa na jina la kule Spandau lililomfanya kila Mjerumani amsikilize. Chama kikimfukuza anakula na analala. Mtu wa namna hiyo kugombana na rais ni kazi, sikatai, ila ana mtaji.

Nilikibishania kisa hiki Magomeni kwenye kahawa, na mzee mmoja pale, ambaye siasa kaanza kuzifuata tangu enzi za TANU, akanikatisha katikati.

"Mwanangu, huyo wako kigeugeu tu. Mtu unampinga mkubwa wako hadharani, unakaa na maadui zake, halafu unasema nchi kwanza?"

"Sasa mzee, kama mkubwa amekosea?"

"Akikosea unamwambia ndani. Ukitoka nje umetafuta ukubwa wewe."

Nikamwambia kwamba tarehe 29 Februari 1872 kuna seneta alimrushia Schurz maneno kama hayohayo ya kwamba nchi yangu ni yangu hata ikikosea, na Schurz akajibu kwa sentensi ambayo Wamarekani wanairudia mpaka leo, kwa Kiswahili cha harakaharaka ni kwamba nchi yangu iwe sawa au iwe kosa, ikiwa sawa tuitunze ibaki sawa, ikikosea tuinyooshe. Mzee akanywa kahawa yake akasema, "Maneno mazuri. Aliyanyoosha?" Shikamoo mzee, hilo ndo swali.

Maana ukiangalia hiyo agenda ya Liberal Republicans tena, kile kipengele cha tatu, kusamehe Kusini na serikali kuu kutoa mkono, hakikuwa cha bure. Mwaka 1871 Bunge lilipopitisha sheria ya kuwabana Ku Klux Klan, genge lililokuwa linaua watu weusi usiku kwa sababu ya kupiga kura, Schurz aliipinga, anasema inampa rais madaraka makubwa mno. April 1873 pale Colfax, Louisiana, watu weusi wengi wakachinjwa kwa ugomvi wa matokeo ya uchaguzi. Januari 1875, wiki zake za mwisho Seneti, Schurz anasimama kulaani, lakini analaani jeshi la serikali kuu kuingia kwenye bunge la Louisiana. Hotuba nzuri sana kisheria. Na mwaka 1877 Rais Hayes anaondoa askari waliokuwa wanalinda serikali za mwisho za Republican huko Kusini, South Carolina na Louisiana, na Schurz yumo ndani ya baraza la mawaziri, anaunga mkono.

Mtu yuleyule wa ripoti ya 1865.

Ndo maana mimi sishughuliki sana na hesabu ya kahama mara ngapi. Ninachouliza ni nani kalipia huo uhuru wake. Schurz alipogombana na Grant hakupoteza cha maana, alipoteza marafiki wachache na kazi za wafuasi wake. Ila ili kumng'oa Grant alihitaji kura za wazungu wa Kusini na Democrats, na bei ya kura hizo ilikuwa watu weusi waachwe mikononi mwa waliokuwa wanawakata masikio. Sidhani kama alikaa akapanga iwe hivyo. Nadhani alichukia rushwa ya watu wa Grant kiasi kwamba macho yake hayakuona kingine, na serikali iliyokuwa inakula rushwa ndiyo hiyohiyo pekee iliyokuwa inatuma askari kuwalinda wanyonge. Hapo uchaguzi ulikuwa mgumu kweli, na akachagua upande ambao yeye binafsi haumgusi.

Kuna watakaosema namwonea, kwamba alifanya makubwa akiwa waziri wa mambo ya ndani 1877 mpaka 1881. Kweli alifanya. Wizarani kwake ajira zikaenda kwa mitihani, na mtu hafukuzwi kwa sababu ya chama. Kwa sisi tunaokesha kusubiri mkeka hii inaweza kuonekana jambo dogo ila kipindi kile rais mpya akiingia ofisi zilipanguliwa mpaka tarishi, na foleni ya waomba vyeo ilikuwa inaziba milango ya Ikulu yao. 1881 mmoja wa waomba vyeo aliyekosa akampiga risasi Rais Garfield, na 1883 ndo ikapita sheria ya ajira za serikali kwa mtihani, jambo ambalo Schurz alikuwa amelipigia kelele zaidi ya miaka kumi. Alilinda misitu ya serikali pia, wafanyabiashara wa mbao walimchukia.

Lakini hata hapo wizarani kuna Waponca. Kabila la wenyeji lililohamishwa 1877 kutoka kwenye ardhi yao kaskazini kwenda eneo la mbali la kusini, wengi wakafa kwa maradhi, na chifu wao Standing Bear akaamua kurudi kwa miguu wakati wa baridi akamzike mtoto wake nyumbani. Wakamkamata. 1879 jaji mmoja Omaha akaamua kwamba Mhindi Mwekundu ni mtu mbele ya sheria na aachiwe. Uamuzi wa kuwahamisha ulianza kabla ya Schurz, ila yeye ndo aliyesimamia na alikataa kuwarudisha kabila zima, anaogopa wengine nao watadai. Mhamiaji aliyetoroka dola iliyotaka kumpiga risasi, sasa ndo yeye dola. Mimi hii inaniuma kuliko ya Louisiana, sijui kwa nini.

Baada ya hapo miaka ya mwisho naipitia haraka. 1884 Republican wakamsimamisha James Blaine, mtu mwenye harufu ya rushwa, Schurz na wenzake wakatoka wakamuunga mkono Grover Cleveland wa Democrats, watu wa chama wakawatukana kwa jina la Mugwumps, na Cleveland akashinda jimbo la New York kwa tofauti ya kura elfu moja na kidogo tu. 1896 akampinga William Jennings Bryan wa Democrats kwa sababu ya sera yake ya sarafu za madini ya fedha, akamuunga mkono McKinley wa Republican. 1898 Marekani ikapigana na Hispania ikaichukua Ufilipino, Schurz akapinga vikali, tena ana hoja zake zilezile, nusu za haki na nusu za kubagua, na mwaka 1900 akamuunga mkono Bryan yuleyule dhidi ya McKinley. Kwa hiyo hesabu ya kijiweni inakamilika. Ila hakuna cheo alichopewa kwa kuhama kwake huko kwote baada ya 1881, wala hakuwa na cheo alichokuwa anakitafuta, na hilo lazima tumpe.

Kwa wanaosema kwetu mhamiaji hawezi kupenya, nakumbusha tu kwamba 1965, enzi ya chama kimoja, wagombea wawili wa chama hichohicho wakishindana kwa alama za jembe na nyumba, wapiga kura wa hapa Dar walimchagua ubunge Derek Bryceson, Mwingereza rubani wa zamani wa vita aliyekuja kulima Tanganyika, huku mawaziri wengine wazawa wakianguka majimboni kwao. Wapiga kura hawana shida sana na mtu alikotoka.

Nirudi kwa Schurz nimalizie. Januari 1904, ana miaka 74, kaandika makala kwenye jarida kubwa kuhusu hali ya watu weusi Kusini. Wakati huo majimbo ya Kusini yalishapitisha katiba mpya na masharti ya kodi ya kura na mitihani ya kusoma, watu weusi karibu wote wameshafutwa kwenye daftari. Schurz akaandika kwamba huu ni utumwa wa nusu unarudishwa, na kwamba wazungu wa Kusini wenyewe ndo wa kuutengua kwa kuelimishana. Alichokiona 1865 ndicho kilichotokea, neno kwa neno, na tofauti ni kwamba 1865 alisema dawa ni kura na ulinzi wa serikali kuu, sasa anasema dawa ni hiari ya walewale. Kafariki New York tarehe 14 Mei 1906. Sheria ya Marekani iliyorudisha kura hizo chini ya ulinzi wa serikali kuu ilikuja kusainiwa Agosti 1965.